Pwani ya magenge isiyo na njia: ramani yake ianzie wapi?

Swali la msomaji: "Mimi na wenzangu wanne tumepata msimu mmoja, wiki sita, kwenye pwani isiyokaliwa na watu. Ina magenge marefu, mahori yanayoingia ndani kilomita nyingi, visiwa vidogo visivyohesabika, na hakuna barabara. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 80. Ramani iliyopo ni ya skeli ya 1:250,000, tena ya zamani. Tunataka kutengeneza ya 1:25,000 yenye kontua, yaani mistari ya kimo kimoja, za kila mita 10. Tuna droni moja, vipokezi viwili vya GPS vya upimaji na boti ya mpira. Je, data za setilaiti na droni zinatosha? Vimo vyetu vianzie wapi, ikiwa hakuna alama hata moja ya upimaji? Na ukingo wa pwani tutauchoraje pale ambapo hakuna anayeweza kusimama?"

Swali lako la pili ndilo la kwanza, kwa hiyo nitaanza nalo. Wengi wanaojiandaa kupima pwani ya namna hii huogopa magenge. Yanatisha kweli, lakini ramani huharibikia chini kabisa, pale maji yanapogusa mwamba. Nchi kavu hupimwa kwa chombo kimoja na bahari kwa kingine, na kila chombo kina sifuri yake. Msipoziunganisha sifuri hizo mkiwa hapo hapo ufukoni, hakuna programu itakayowasaidia mkirudi nyumbani.

Kipokezi cha GPS hakijui bahari iko wapi. Kinakupa kimo juu ya duaradufu, yaani umbo laini la kihesabu linalokaribiana na umbo la dunia. Maji yaliyotulia hayafuati umbo hilo, hufuata mvutano wa dunia, na umbo linalotokana na mvutano huo ndilo jiodi. Kusini mwa India jiodi iko chini ya duaradufu kwa karibu mita 106, na karibu na New Guinea iko juu yake kwa zaidi ya mita 80. Kwa hiyo unaweza kusimama ufukoni, mawimbi yanakulowesha viatu, na kipokezi kikakuandikia mita 40. Hakijakosea. Kimejibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Nimewahi kupokea kazi ya timu mbili zilizopima pande mbili za hori moja. Kila timu ilikuwa imefanya kazi safi. Tulipounganisha, ufuko wa upande mmoja ukawa juu ya ule wa ng'ambo kwa zaidi ya mita 30. Tulikaa siku tatu tukilisaka kosa hilo kwenye picha, tukabadilisha mipangilio ya programu, tukaanza hata kuwashuku wapigapicha. Kumbe timu moja iliandika vimo vya duaradufu na nyingine ilikuwa imeshaondoa jiodi, na hakuna daftari lililosema ni kipi kimetumika. Tangu siku hiyo sipokei namba ya kimo isiyoandikwa pembeni yake kwamba imehesabiwa kutoka wapi.

Fanyeni hivi. Siku ya kwanza kambini, kabla droni haijatolewa sandukuni, tafuteni mwamba mama, ule ulioshikana na ardhi yenyewe. Jiwe kubwa lililokaa tu juu ya ufuko halifai, maana dhoruba moja hulisogeza. Pawe ni mahali penye anga wazi pande zote. Toboeni mwamba, pigilieni pini ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, chongeni namba kando yake. Simamisheni kipokezi juu ya pini kwa miguu mitatu, pimeni urefu wa antena mara mbili na watu wawili tofauti, kisha mkiache kirekodi saa 24. Siku nyingine rudieni upya, miguu ikiwa imesimamishwa tena kutoka mwanzo. Kutokuwa na kituo cha karibu hakukwamishi kazi siku hizi. Faili la kipokezi hupelekwa kwenye huduma za bure kama CSRS-PPP ya Kanada au AUSPOS ya Australia, nazo hukurudishia nafasi ya pini kwa usahihi wa sentimita chache, popote duniani. Hamhitaji intaneti kambini. Kwa kweli ni bora kusubiri wiki mbili au tatu, ili hesabu itumie mizingo ya mwisho ya setilaiti iliyokwisha kusahihishwa.

Msisitizo wangu juu ya anga wazi una sababu. Ndani ya hori, kuta za mwamba huziba nusu ya anga, na mawimbi ya redio hudunda kwenye mwamba na kwenye maji kabla ya kufika kwenye antena. Kama pwani yenu iko mbali kuelekea ncha ya dunia, kuna jambo la ziada: setilaiti za GPS huzunguka kwa mwinamo wa nyuzi 55 kutoka ikweta, kwa hiyo huko hazipiti utosini, zote huonekana chini kuelekea upeo. Wekeni kipokezi kinachosoma na setilaiti za GLONASS za Urusi pia, ambazo mwinamo wake ni karibu nyuzi 65.

Pini moja haitoshi kwa kilomita 80. Kipokezi kimoja husimama juu ya pini na cha pili hutembea kikisahihishwa kwa rekodi ya cha kwanza. Masahihisho hayo hupungua ubora kadiri unavyokiacha mbali kile kilichosimama, na mimi sipendi kuvuka kilomita 15. Pigeni pini nne au tano kwenye rasi zilizo wazi, na kila moja ipate saa zake za kurekodi.

Sasa maji. Chini ya pini ya kambini, mahali palipojikinga na mawimbi, simamisheni fimbo yenye alama za sentimita. Hii ndiyo kazi ambayo vijana huiona ya kizamani, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Maji hayatulii hata siku yenye shwari: yanapanda kiganja kimoja, yanashuka, yanapumua. Ukiitazama fimbo kwa jicho tu utasoma namba tofauti na mwenzako aliyesimama karibu yako. Dawa yake ni bomba la plastiki lililosimamishwa wima, limezibwa chini na kuachiwa tundu dogo tu. Wimbi halipati muda wa kuingia, bahari yenyewe inaingia. Ndani ya bomba utaona maji yakipanda taratibu kama maziwa yanayoanza kupata moto. Someni kila dakika 10, andikeni na saa. Kisha pimeni tofauti ya kimo kati ya pini na sifuri ya fimbo kwa darubini ya usawa, kwenda na kurudi. Hapo ndipo nchi kavu na bahari zinapopata sifuri moja.

Hakuna anayeweza kukesha wiki sita akisoma fimbo, kwa hiyo tafuteni kihisi cha mgandamizo. Ni kifaa kidogo kinacholazwa chini ya maji, kinajirekodia chenyewe, na fimbo inabaki kuwa shahidi wake. Msisahau kurekodi mgandamizo wa hewa pia, maana milibari moja ya hewa ni sawa na karibu sentimita moja ya maji, na dhoruba ikipita mtadhani bahari imepanda kumbe hewa ndiyo iliyobadilika.

Muda una maana yake. Mzunguko wa siku ya mwezi ni saa 24 na dakika 50, kwa hiyo siku moja ya kupima haikamilishi hata mzunguko huo mmoja. Bamvua na maji mafu hupokezana ndani ya wiki mbili, na siku 29 ndizo zinazotosha kuzitenganisha nguvu kuu za mwezi na jua. Mna wiki sita, basi kihisi kizame siku ya kwanza na kitoke siku ya mwisho. Kuna mzunguko mrefu wa miaka 18.6 ambao msimu mmoja hauwezi kuuona. Huo hurekebishwa kwa kulinganisha rekodi yenu na ya bandari iliyo na miaka mingi ya vipimo, mradi bahari zao zinafanana tabia. Na hori refu lina maji yake: kujaa huchelewa kufika mwisho wake, na tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kuwa kubwa kuliko ya mlangoni. Chukueni fimbo ya pili, mkae siku tatu mwisho wa hori refu kuliko yote, mlinganishe.

Kwa nini nasumbuka hivi juu ya maji? Kwa sababu ya hesabu moja ndogo. Kwenye ufuko wenye mteremko wa nyuzi 1, kosa la mita 1 la kimo cha maji husogeza ukingo wa pwani mita 57. Kwa skeli yenu hizo ni zaidi ya milimita 2 kwenye karatasi, kosa ambalo mtu yeyote ataliona. Kwenye mteremko wa nyuzi 45 ukingo husogea mita 1 tu, na kwenye ukuta wa wima hausogei kabisa. Kwa maneno mengine, lile genge linalowatisha lina ukingo ulio rahisi kuliko wote kuchora, na ule ufuko mtulivu mnakopiga kambi ndio mtego. Kubalianeni mapema ukingo wa ramani ni mstari upi. Nchi nyingi huchora wastani wa maji kujaa kwenye ramani za nchi kavu, huku ramani za mabaharia zikihesabu kina kutoka kwenye maji kupwa ya chini sana. Chagueni, muandike kwenye ufunguo wa ramani, na msibadili katikati ya kazi.

Nirudi kwenye swali lako la kwanza. Setilaiti na droni zinatosha kwa sehemu kubwa, lakini kila moja mahali pake, na si pale ambapo watu wengi huziweka.

Modeli za bure za mwinuko ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. SRTM ilitokana na safari moja ya chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, siku 11 tu, nayo ilifunika kutoka latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Nje ya hapo haipo. Copernicus ya mita 30 ni mpya na bora zaidi, imetokana na setilaiti za TanDEM-X. Zote mbili ni kazi ya rada, na rada hutazama kwa mshazari. Genge linaloielekea huonekana limelala juu ya kile kilicho mbele yake, na nyuma yake kunabaki kivuli kisicho na data. Hata pale ambapo data ipo, fikiria pikseli ya mita 30 iliyokaa juu ya mteremko wa nyuzi 60: kutoka ukingo wake wa chini hadi wa juu kuna mita 52 za kimo, na wewe umepewa namba moja. Kontua za mita 10 zitakazochorwa kutoka hapo zitakuwa nzuri kwa macho na za uongo.

Msingi wenu uwe picha za setilaiti za jozi, zenye pikseli ndogo, ambazo sehemu moja hupigwa kutoka pembe mbili. Kama pwani yenu iko juu ya latitudo 60 kaskazini, kazi hiyo imeshafanywa: ArcticDEM ina mwinuko kwa kila mita 2 na inapatikana bure. Kwa Antaktika ipo REMA. Kwingineko itabidi kununua picha au kuomba kupitia taasisi ya utafiti. Modeli ya namna hii huwa imeelea juu au chini kwa mita kadhaa, lakini umbo lake ni zuri. Ndiyo maana mnahitaji pointi za GPS zilizotawanyika, kwenye mabapa ya mwamba na vilele vinavyofikika, ili kuishusha mahali pake. Pimeni angalau 30 za kurekebishia, na nyingine 30 ambazo hazitagusa marekebisho kabisa, za kukagulia tu. Anayejikagua kwa pointi zile zile alizotumia kurekebisha anajidanganya mwenyewe. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1947 bado ni kipimo kizuri: pointi 9 kati ya 10 zisikosee zaidi ya nusu ya nafasi ya kontua, yaani kwenu mita 5.

Ukingo wa maji mnaweza kuufuata kwenye picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zenye pikseli ya mita 10, ambazo zimekuwa zikirudi mahali pale pale kila siku tano au chini ya hapo tangu setilaiti yake ya pili ilipoanza kazi. Hapa ndipo bomba lenu la plastiki linapolipa. Kila picha ina saa na dakika yake. Mkishaijua tabia ya maji ya pale, mnaweza kurudi nyuma na kuhesabu bahari ilikuwa kwenye kimo gani dakika hiyo. Picha kumi za nyakati tofauti zinakuwa mistari kumi yenye vimo vinavyojulikana, kontua za ufuko mzima ambazo hakuna mtu aliyezikanyaga.

Droni iacheni kwa sehemu chache zinazostahili: midomo ya mito, mahali pa kuteremkia, rasi zenye miamba iliyotapakaa. Mkitaka kufunika kilomita 80 kwa droni moja msimu utaisha betri zikiwa kwenye chaji. Rusheni wakati maji yamekupwa, ili mwamba wa chini uwe wazi. Picha zilizopigwa kuelekea chini tu hazioni ukuta wa genge. Ingizeni kamera mshazari, nyuzi 45 hivi, mpite sambamba na ukuta, kila picha ikiifunika jirani yake kwa asilimia 80. Mistari ya mshazari ina faida nyingine: picha za wima peke yake huifanya programu iikunje modeli nzima kama bakuli lililopinduliwa, na kosa hilo halionekani kwa macho. Sehemu za bahari ziondoeni kabla ya hesabu, kwa sababu programu hutafuta kitu kile kile kwenye picha mbili, na wimbi halikai kusubiri picha ya pili.

Sasa mahali pasiposimamika. Kuna njia ya zamani kuliko droni na bado ni nzuri. Mfaransa Aimé Laussedat alianza kupima kwa picha katikati ya karne ya 19, na kuanzia miaka ya 1880 Édouard Deville aliitumia njia hiyo kupima Milima ya Rockies nchini Kanada, kamera ikibebwa hadi vileleni. Mwaka 1936 na 1938 Wanorwe waliipiga picha Svalbard, visiwa vyao vya Aktiki, kwa mshazari kutoka kwenye ndege, na miaka ya karibuni picha hizo hizo zimetumika kutengeneza modeli za barafu ilivyokuwa wakati ule. Ninyi mna boti. Pita taratibu sambamba na genge, mita mia mbili au tatu kutoka ukutani, ukipiga picha kila sekunde chache huku kipokezi kikirekodi nafasi ya kamera. Mara mbili: kwenda karibu, kurudi mbali kidogo. Ng'ambo ya hori, mtu mmoja akae na theodolaiti (chombo cha kupimia pembe) yenye leza apime alama kumi au kumi na tano za ukutani zinazotambulika, ufa, doa jeupe, ukingo wa maporomoko. Hizo ndizo zitakazoishika modeli isielee. Akipima mbali akumbuke mpindo wa dunia: kwa kilomita 6, mpindo na kupinda kwa mwanga kwa pamoja hufanya kosa la mita 2.4.

Kila ninapofika kwenye hori jipya huwakumbuka mabaharia wa nahodha Mwingereza George Vancouver. Kati ya mwaka 1792 na 1794 walipima pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, na kwa kuwa meli hazikuweza kuingia kila mahali, waliyapiga makasia mahori hadi mwisho wake, moja baada ya jingine, wakishuka kwenye kila ncha kupima pembe. Mwisho wa hori lazima uonwe kwa macho. Kivuli cha mlima kwenye picha ya setilaiti kinafanana sana na maji.

Kwenye karatasi, ukuta wa mita 200 wenye kontua 20 zilizobanana huwa doa la wino. Tumieni alama ya genge, mwache kontua nene tu zipite. Kisiwa cha mita 12 ni nusu milimita kwenye skeli yenu. Mtalazimika kuunganisha vingine na kufuta vingine, lakini mwamba unaojitokeza maji yakipwa msiufute kamwe hata kama ni mdogo kiasi gani. Wekeeni alama, kwa sababu kuna atakayekuja na boti akiwa na ramani yenu mkononi. Msipoteze muda kubishana juu ya urefu kamili wa pwani. Mwanahisabati Benoît Mandelbrot alionyesha mwaka 1967 kwamba urefu hukua kila unapotumia rula fupi zaidi. Ukiulizwa, taja urefu pamoja na skeli.

Majina yaulizeni kwa wavuvi na wawindaji wanaopita huko. Pwani isiyokaliwa si pwani isiyo na majina, na wakati mwingine jina ndilo linalosema palipo na mkondo mkali au maji ya kunywa.

Kabla ya kuondoka, rudini kwenye kila pini. Piga picha nne kutoka pande nne, chora mchoro, pima kwa futi ya utepe umbali hadi kwenye nyufa tatu za mwamba zilizo karibu. Andika kimo cha duaradufu, kimo cha jiodi na jina la modeli yake, na kimo juu ya bahari kama ilivyosomwa kwenye fimbo, kila kimoja kwenye mstari wake na jina lake.